Shimo Nyuma ya Nyumba ya Mulenda

Bora alikuwa mshonaji. Kila asubuhi alitoa mashine yake mbele ya mlango, akaanza kukanyaga, na majirani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wakajua kumekucha. Vita vya Kongo viliwatoa kwao Fizi yeye na mume wake Mulenda. Binti yao Gabriella alizaliwa hapa Malawi. Nyumba nayo ilijengwa hapa, kwa mikono ya Mulenda mwenyewe, na Mulenda hakuchoka kulisema.

"Angalia huu ukuta," aliwaambia wageni. "Fundi hakuna. Ni mi peke yangu!"

Kazi alifanya, hatumnyimi sifa. Ila udongo wa matofali aliuchimba nyuma ya nyumba, palepale chini ya ukuta. Kwao Fizi ndivyo walivyofanya, maana nani anataka kubeba udongo kutoka mbali? Nyumba ilipoisha, shimo likabaki. Sasa lilizidi kupanuka, kwa sababu Mulenda alikuwa anafyatua matofali ya chumba cha pili. Mama yake alikuwa njiani kutoka Fizi. Abiria walioshuka basi Lilongwe walisema walimwacha Karonga, karibu na mpaka, mzima kabisa, anangoja usafiri.

"Mama atalala wapi? Alale na kuku?" alisema Mulenda, akaendelea kuchimba.

Mvua za kwanza zikanyesha, shimo likajaa. Vyura wakahamia humo, na mbu vilevile. Gabriella akashikwa na homa. Zahanatini walimpima, wakakuta malaria. Dawa zilimponya, lakini roho ya Bora haikutulia. Siku moja alipokunja godoro la mtoto, aliona ufa ukutani. Chini ya ufa ukuta ulikuwa umelowa.

Mulenda hakushtuka. Alikanda udongo, akaupaka kwenye ufa, akanawa mikono.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Mi nimeziba, njo imeisha."

Mvua ilipopiga tena, ufa ulirudi. Safari hii kidole kiliingia.

Bora aliogopa, tena aliogopa sana. Alihamishia godoro la Gabriella upande wa pili, kisha akaenda kumwita Nahimana. Huyu alikuwa jirani yao Mrundi, mama aliyefundishwa kupita nyumba kwa nyumba na kuangalia mambo ya afya. Alipenda utani, lakini akiona hatari hakumbembeleza mtu.

Nahimana alizunguka nyumba, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Baba Gabriella," alisema, "ulikumbuka ziwa Tanganyika mpaka ukachimba la kwako?"

"Mama Nahimana, kwetu tunachimbaka hivi tangu babu," Mulenda alijibu. "Hakuna nyumba ilianguka."

"Na kwenu nyumba iko ya nini?"

"Ya miti. Tunafunga fito, tunakandika udongo."

"Haya! Mvua ikitoa udongo, miti inabaki imesimama, we unakandika tena. Hapa miti iko wapi? Ni tofali juu ya tofali. La chini likilowa, nani atashika ya juu?"

Mulenda alicheka. Alileta tofali lake moja kavu, akaliweka chini, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili. "Ona! Hii ni jiwe."

"Lete beseni ya maji," alisema Nahimana. "Tuweke jiwe lako ndani. Na we Mama Gabriella, pika."

Bora alisonga bukari, chakula ambacho Wamalawi wanakiita nsima. Ilipoiva, Nahimana alimwambia Mulenda atoe tofali majini. Mulenda akaingiza mikono. Tofali likamponyoka vipandevipande kati ya vidole.

"Mungu wangu! Imekuwa bukari!"

Bora alicheka, halafu kicheko kikamkauka.

"Baba Gabriella," alisema, "chini ya hiyo bukari njo mutoto wako alikuwa analala. Na sasa unataka kulaza mama yako pale."

Mulenda alitazama mikono yake yenye matope.

"Tufanye nini?" aliuliza.

"Kwanza, mtu asilale upande huo," alisema Nahimana. "Toa maji yote, jaza shimo, shindilia mpaka ardhi iteremke kutoka ukutani. Mbu watakosa pa kuzaa, na batoto hawatazama humo. Chimba mfereji upande wa juu, upitishe maji mbali na nyumba, lakini usiyapeleke kwa jirani! Udongo wa matofali uchimbwe mbali na nyumba. Na mvua ikinyesha mukiona ukuta unapasuka ao unalala, tokeni. Batoto kwanza. Musirudi kuchukua vitu."

"Hata mashine yangu?" aliuliza Bora.

"Hata mashine. Mashine inanunuliwa."

Kesho yake Mulenda alishika jembe, akachimba mfereji na kutoa maji yote shimoni. Aliweka nguzo za kushikilia paa, akabomoa sehemu mbovu ya ukuta, akaijenga upya kwa matofali makavu ya chumba cha mama yake. Yaliyobaki aliyatazama sana. Kisha akaanza kuyavunja na kuyatupa shimoni, moja baada ya jingine. Bora alimsaidia kushindilia. Majirani walikuja kuangalia, na wawili wakaenda kuanza mifereji yao.

Habari ikaja kwamba mama amefika Lilongwe. Mulenda alikwenda kumpokea. Walipoingia Dzaleka mchana, wingu zito lilikuwa limeshatanda, na hawajakaa vizuri mvua ikamwagika kwa upepo mkali. Maji mekundu yaliteremka kwa kasi. Bora alisimama mlangoni, Gabriella mgongoni, tayari kutoka. Maji yakafika kwenye mfereji, yakageuka, yakapita zake.

Bora aligusa mguu wa ukuta. Ulikuwa mkavu.

"Mulenda," mama aliita, "ulinitumia habari kwamba unanijengea chumba. Kiko wapi?"

Mulenda alijikuna kichwa. "Mama, nilikizika shimoni. Nitakufyatulia matofali mengine, udongo nichimbe kule mbali."

Bora alimweleza mama yote, na alipofika kwenye beseni mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akampokea Gabriella, akamlaza godoroni, akajinyoosha kando yake. Alikuwa na uchovu wa safari ndefu. Mvua ilikuwa bado inapiga nje. Mama aliegemeza mgongo kwenye ukuta wa mwanawe, akasinzia.