Maji ya Nyumba Mpya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa seremala alijaza ndoo jikoni. Bomba lile lilikuwa fahari ya nyumba yao mpya. Kule walikopanga zamani walipigana vikumbo kwenye foleni ya maji. Hapa unafungua tu, maji haya hapa!

Siku ya kuitazama nyumba, baba alikagua kila mlango na kila mbao ya paa, maana macho ya fundi hukimbilia kazi yake. Mama alifungua bomba, maji yakaruka, akapiga kigelegele. Mwenye nyumba alitabasamu kidogo, hakusema neno. Wakainunua.

Mwezi haukuisha, Kibonge, kitinda mimba wao, akaanza kuharisha na kutapika. Kufikia jioni macho yalikuwa yameingia ndani, hana nguvu hata ya kulia. Wakamkimbiza hospitali.

"Anakunywa maji gani?" muuguzi aliuliza huku akimtundikia dripu.

"Ya bomba, dada," mama alijibu.

"Na hilo bomba linapata maji wapi?"

Mama alimtazama baba. Baba aliinamisha kichwa. Binti aliwaonea aibu wazazi wake.

"Nendeni mkatafute," muuguzi alisema. "Mtoto hajatoka hatarini."

Baba na binti walirudi nyumbani, wakaifukua paipu kwa jembe kuanzia ukuta wa jikoni. Ilipita chini ya ua ikaishia nyuma ya nyumba, kwenye kisima kifupi chenye pampu ndogo, kilichofichwa kwa bati na majani. Kando yake, karibu kabisa, palikuwa na choo cha shimo. Baba alipofunua bati, harufu iliwarudisha nyuma.

"Baba, haya ndiyo tuliyokuwa tunakunywa?"

Baba alichukua msumeno akaikata paipu.

Kibonge alipona, ingawa alirudi nyumbani mifupa mitupu. Kisima kilifukiwa, na nyumba ikaunganishwa na maji safi ya mji. Hata hivyo baba hakuwa na raha.

"Waliotuuzia nao walikuwa na mtoto mdogo," alimwambia binti yake. "Jirani kaniambia jana. Aliharisha kama Kibonge, wakamzika mwaka huu."

Binti alishtuka. Machozi yakamlengalenga.

"Sasa mbona hawakutuambia, baba?"

"Wamekosa, mwanangu, tena sana. Lakini anayenunua nyumba ndiye wa kuuliza maji yanatoka wapi, na akaone kwa macho yake. Sisi mbona hatukuuliza?"