Kifaransa cha Bwana Kipp

Wanasema mapenzi hayahitaji lugha. Wanaosema hivyo hawakuwahi kumsikia Ambrose Kipp akisoma Kifaransa.

Alikuwa akikisoma kwa sauti saa sita mchana, ndani ya nyumba ya kulia chaza karibu na Broadway, mahali ambapo makarani, madalali na waimbaji wasio na kazi walisimama bega kwa bega wakimwagia chaza siki. Kipp alikuwa amejinyakulia nafasi ya watu wawili pale kaunta. Suruali yake ilikuwa ya miraba mikubwa, na kola yake ngumu ilimkaba mpaka kidevu kikaelekea juu, kama mtu anayenusa moshi. Mbele yake palikuwa na opera ya kuchekesha kutoka Paris, *Mke wa Kinyozi*, na kando yake kamusi iliyomwagikiwa supu.

"Unamuumiza," ilisema sauti ya kike nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamke alikuwa amevaa gauni la zambarau lililobinuka nyuma kwa kinundu cha mtindo, na juu ya kofia yake alitua ndege mzima aliyekaushwa, mkali wa macho kuliko watu wengi mle ndani.

"Namuumiza nani, bibi?"

"Huyo Mfaransa unayemsoma. Sogea, nipate pa kuweka sahani yangu."

"Kwani unajua Kifaransa?"

"Nimetoka New Orleans. Kwetu hata mbwa alifokewa kwa Kifaransa. Wewe hicho chako umekitoa wapi?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Mwalimu wako afukuzwe kazi."

Kipp akacheka, na masikio yake yakawa mekundu. Alijua kujicheka, mradi asiwepo mtu mkubwa wa kumsikia. Kicheko kile kilimpendeza mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Zélie Arceneaux, na kabla sahani hazijaondolewa walikuwa wameshaitana kwa majina ya kwanza.

Kazi ya Kipp ilikuwa kuosha. Miaka ile sheria ya Amerika haikumjali mtunzi wa Paris, na wenye kumbi wa New York walichukua opera zake kama watoto waokotavyo matunda yaliyoangukia upande wao wa ua. Ila tunda lenyewe waliliogopa. Katika opera za Paris wake za watu walikuwa na hawara, na ukumbi ukacheka. Kwa hiyo Kipp alipewa asafishe: mke akawa mpwa, hawara akawa luteni, kitanda kikawa benchi la bustani. Kilichobaki kiliimbwa kwa muziki uleule, na magazeti yakasifu akili ya Bwana Kipp. Nimeziona nyingi za namna hiyo. Nguo ikifuliwa vile hubaki matundu.

Kipp alimpeleka Zélie kwa Lucius Gurney, mwenye ukumbi, mtu aliyejua muziki kama kuku ajuavyo hesabu. Zélie akaimba. Gurney alitazama kiuno chake, akampa nafasi ya Mpwa wa Kinyozi. Kwa Zélie haikuwa jambo dogo. Ujana wake wote alikuwa ameimba nyuma ya wanawake wengine, akiitikia. Sasa jina lake lingebandikwa nje, juu kabisa, na angesimama mbele peke yake.

Jioni za vuli walitembea Madison Square wakila njugu za kuchoma.

"Zélie, unanionaje?" Kipp aliuliza siku moja.

"Nakuona umejipaka masizi puani."

"Nauliza kwa dhati, mpenzi. Niambie kwa Kifaransa. Nitaelewa."

Zélie alimtazama. Alimpenda? Alipenda masikio yake, alipenda kwamba alimchekesha. Zaidi ya hapo hakuwa na hakika bado. Akachagua neno lake kama mtu anayetia mguu majini kujua baridi yake.

"*Je vous aime bien*," akasema.

Kipp aliibusu glavu yake na kuondoka mbio, nusura agongwe na gari la farasi. Zélie alibaki pale akidhani amemuumiza.

Hakumuumiza. Kipp alikuwa amepiga hesabu yake ya kamusi: *aime* ni kupenda, *bien* ni vizuri, kwa hiyo mwanamke huyu ananipenda vizuri mno. Lakini Wafaransa wana hila yao. Mwambie mtu unampenda, umempenda. Ongeza hilo *bien*, umemshusha mpaka kwenye kiti cha binamu.

Asubuhi iliyofuata gazeti lilitangaza uchumba wa Bwana Ambrose Kipp na Bibi Zélie Arceneaux. Gurney hakungoja kumaliza kahawa yake.

"Hongera," alimwambia Zélie. "Jumatatu nampa mwingine nafasi yako."

"Kwa nini, bwana?"

"Nusu ya viti vyangu hununuliwa na vijana wanaoota kwamba wao ndio luteni. Nani ataota juu ya mke wa Kipp? Hata Kipp hajaamini."

Zélie alikwenda duka la dawa lenye simu ukutani. Wateja wawili wakaacha kukohoa ili wasikie.

"Ambrose, umefanya nini?"

"Kipenzi changu! Umeliona gazeti? Ni ukurasa wa tano, lakini juu kabisa."

"Nani kakwambia nimekubali kuolewa?"

"Wewe. Kwa Kifaransa."

Zélie akamweleza, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa.

"Haiwezekani," Kipp akasema. "Nimetazama kamusi."

"Kamusi yako inanuka supu. Nenda kwa Gurney, mwambie hukuelewa. Ananinyang'anya nafasi."

"Nikamwambie sijui Kifaransa? Zélie, si ndiyo kazi yangu? Watanicheka mji mzima."

"Na mimi?"

"Wewe... tuoane tu. Utazoea."

"Nitazoea?"

"Kwa hiyo hunipendi hata kidogo?"

"Nilikuwa njiani nakuja, Ambrose. Wewe ukanipita mbio, ukaenda kuningoja kanisani."

Akakata. Msichana wa kituo cha simu, aliyesikiliza tangu mwanzo bila haya, akamwambia Kipp, "Umeharibu, bwana."

Kipp alirudi kwenye opera yake, maana hakuwa na pengine pa kurudi. Akafika mwisho wake, pale mke wa kinyozi anapomkabili hawara wake. Maneno yalikuwa yaleyale: *je vous aime bien*. Yeye alikuwa ameyageuza kuwa "Nakupenda mno!", akaongeza kwaya, akaongeza njiwa. Na chini ya maneno yale Mfaransa alikuwa ameandika kwamba hawara anachukua kofia yake na kutoka. Kipp alikumbuka alivyoshangaa. Mwanamume ameambiwa anapendwa, kofia ya nini? Akaona ni kosa la mpiga chapa, akaifuta.

Alikaa mbele ya sentensi ile muda mrefu. Sitamsifu kwa hilo. Mtu mwenye akili angekaa mbele yake kabla ya kuifuta.

Lakini siku hiyohiyo mchana aliingia mazoezini, akapanda jukwaani na suruali yake ya miraba, mbele ya kwaya nzima.

"Bibi Arceneaux hajakubali kuolewa na mimi," akasema. "Aliniambia kitu kimoja, mimi nikasikia kingine. Kifaransa sikijui kama nilivyojitangaza. Kusema kweli, sikijui."

Kwaya ilicheka. Gurney alicheka mpaka moshi wa sigara ukampalia, kisha akamrudishia Zélie nafasi yake, kwa sababu mwanamke aliyemkataa mtu hadharani huuza viti vingi zaidi. Hakufikiri zaidi ya hapo. Hakuwa na chombo cha kufikiria.

Zélie alimkuta Kipp nyuma ya jukwaa, amekalia sanduku la mavazi.

"Masikio yako yamekuwa kama kamba aliyechemshwa," akasema, akakaa karibu naye.

"Yatapoa. Zélie, kile kipande cha mwisho nimekiharibu."

"Nilijua. Nilikuwa nakiimba huku nimefumba macho."

"Tukirudishe. Lakini tuseme nini? 'Nakupenda kidogo'?"

"Hicho ni kipimo cha chumvi."

"'Nakupenda kama kaka'?"

"Watu watalia. Tunataka wacheke."

Walibishana mpaka chai yao ikapoa, bega la mmoja likigusa la mwenzake, na hakuna aliyesogea.

"'Wewe ni mtu mzuri sana,'" Kipp akasema mwishowe.

Zélie akaangua kicheko. "Hiyo ndiyo. Umeitoa wapi?"

"Nimeshaambiwa mara nyingi."

Zélie akamtazama mtu huyu, mjinga wake, aliyekubali kuchekwa na mji mzima ili yeye aimbe. Safari hii maji hayakuwa baridi.

"Niulize tena," akasema. "Kwa lugha unayoijua."

"Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa na wewe msimu ukiisha. Na ukimwambia mwandishi wa gazeti, nitakuoza kwa Gurney."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa akina mama wenye kofia pana kama masinia, na mbele walikaa wachungaji wawili waliokuja kuhakikisha hakuna cha kufurahisha. Ukafika mwisho. Luteni alipiga goti, njiwa wakiwa tayari ndani ya kapu. Zélie, kwa hariri nyeupe, alimshika mkono, akaimba kwa sauti tamu iliyomfikia kila mtu:

"Wewe ni mtu mzuri sana."

Kisha akamrudishia kofia yake.

Luteni, ambaye hakuambiwa lolote, alibaki kinywa wazi. Hakuwahi kuigiza vizuri vile maishani mwake. Mama mmoja wa safu ya mbele alicheka, akajiziba mdomo, akashindwa, na ukumbi mzima ukaanguka naye. Wachungaji walitoka, na familia tatu nyuma yao.

Gurney alikuwa akingoja nyuma ya pazia, shingo imevimba.

"Umenitukania wateja. Rudi pale mbele uwaombe radhi, la sivyo mlango huu usiuone tena."

"Lucius, kosa ni langu," Kipp akaanza. "Mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye ninayepaswa kuomba..."

"Ambrose, mpenzi, usiombe kitu," Zélie akasema. Alivua glavu moja, kisha ya pili, bila haraka. Huko nje bado walikuwa wakipiga makofi.

"Bwana Gurney, umeiba kazi ya mtu, ukaikata ulimi, ukaivika kola ya kanisani, ukaiuza. Leo imesema neno moja la kwake. Chukua nafasi yako, mpe umtakaye. Mimi radhi siombi."