Nati Zilizolegezwa kwa Ratiba

Saa moja na robo asubuhi ya Jumamosi, mshonaji mstaafu alipiga magoti kando ya gari-nyumba lao, akashika nati ya gurudumu la mbele, nayo ikazunguka kwa vidole vitupu. Akashika ya pili. Hali ni ileile. Nati zote sita zilikuwa zimelegezwa, na zilibaki saa mbili tu waanze safari aliyoiota tangu aolewe: mwezi mzima barabarani na mumewe, wakipika na kulala humohumo garini.

Kufikia saa nne fundi wao alikuwa mahabusu. Ndiye aliyezikaza nati hizo Alhamisi saa kumi jioni na kutia saini. Hii ilikuwa hitilafu ya nne ndani ya wiki sita, na majirani walishamhukumu: anaharibu makusudi ili aitwe kutengeneza. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa kuhatarisha maisha ya watu, na hapo gereji aliyoijenga kwa miaka ishirini na miwili ingekuwa imekwisha.

Jalada alikabidhiwa mpelelezi mmoja mwanamke, mtu wa hasira za karibu, asiyeamini kesi inayojieleza upesi hivyo. Alianza na fundi. Fundi hakujitetea sana, alikuwa amechoka.

"Afande, yule mama hukagua magurudumu kila asubuhi ya safari. Nikitaka kuwaua, nilegeze nati ambazo najua zitashikwa kabla gari halijaondoka?"

Swali hilo lilimkera mpelelezi.

Akaenda kwa kaka wa mshonaji, ambaye mwaka mzima alikuwa akililia hilo gari auziwe. Akamkuta kitandani, mguu umefungwa plasta ngumu tangu mwezi uliopita, hata chooni anashikwa mkono. Mpelelezi akaaga akiwa amechanganyikiwa kuliko alipoingia.

Jumapili saa nane mchana alikuwa ndani ya gari-nyumba lenyewe. Kila kitu kiling'aa. Mapazia mshonaji aliyashona mwenyewe. Mumewe, dereva wa malori mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Kepteni, alimkaribisha kwa heshima zote, akamimina chai taratibu, kidole kimoja kikiwa kwenye mdomo wa kikombe. Mkewe akatoa daftari la matengenezo kwenye droo ya jikoni, linamokaa siku zote.

Mpelelezi akalisoma mstari kwa mstari, kichwa kikamzunguka. Betri ilikutwa imefunguliwa Jumatatu, siku ya kukagua betri. Mpira wa gesi ulikutwa umechomolewa siku ya kukagua gesi, na mtungi umefungwa kabisa. Pampu ya maji nayo hivyohivyo. Mtu alikuwa akiliharibu gari kwa ratiba, tena kwa uangalifu, asije akamdhuru yeyote. Mhalifu wa namna gani huyu? Alitaka nini, kama si damu wala gari?

Fundi hakuwahi kuliona daftari lile, hivyo ratiba nzima hakuijua. Aliitwa, akatengeneza, akatia saini kwenye karatasi zake, akaondoka.

"Mama, alama hizi za vema za mwaka juzi ni za mkono mwingine," mpelelezi alisema.

"Za mume wangu. Zamani alikagua peke yake. Mwaka jana akasema tushirikiane: mimi nasoma kwa sauti na kukagua, yeye ananishikia vifaa, kisha mimi natia alama ya vema."

Mpelelezi akakitazama kile kikombe cha chai muda mrefu. Kisha akalifungua daftari ukurasa wa tangi la maji, akamkabidhi Kepteni.

"Mzee, nisomee hapo kuhusu magurudumu."

Kepteni alilishika daftari vizuri, kwa umbali unaofaa, akasoma bila kukwama: "Nati, kaza zote. Upepo, pima. Tairi la akiba, angalia nyufa."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Aliona ukurasa ule haukuwa na nati hata moja. Akaketi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kepteni alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia. Akasema ni presha ya macho, daktari alimwambia mwaka jana. Huona mwanga na vivuli, basi. Gari analijua kwa mikono, kila nati, ndiyo maana aliweza kuzilegeza. Miaka thelathini amekuwa dereva. Angewezaje kumwambia mkewe, aliyemsubiri astaafu, kwamba dereva hayupo tena? Kila safari ilipokaribia, alivunja kitu kimoja ili iahirishwe, kitu ambacho mkewe angekikuta kwanza.

"Nilifikiri fundi atalaumiwa siku mbili, yaishe," alimalizia.

"Jana alipochukuliwa ulikuwa umesimama pale mlangoni," mkewe alisema. "Wanawe walikuwa wanalia, na wewe ukaniambia nikuletee maji ya kunywa."

Kesi ilikuwa imenyooka, lakini mpelelezi hakuisikia ile raha ya kuifumbua. Alimwonea mzee huruma, na wakati huohuo alitamani kumzaba kibao.

Saa kumi na moja jioni walikuwa kituoni. Maelezo ya Kepteni yaliandikwa, akasomewa, akakubali kila neno. Fundi aliletwa, akaambiwa asubiri kwenye benchi, kwani bila saini ya Kepteni kwenye maelezo hayo asingeachiwa. Alimtazama Kepteni usoni. Kepteni, akiwa hajui ni nani aliyekaa pale, alimwamkia kwa adabu kama mgeni.

Kisha akachukua kalamu, akaipeleka juu ya karatasi, ikabaki inatangatanga hewani. Askari wote waliona. Mkewe aliiacha itangetange kitambo. Halafu akamshika mkono, akaushusha mpaka kwenye mstari.

"Hapa," alisema, akamwachia.