Gonga Tatu, Lorna Asimame

— Milo Pospisil! Njoo umtoe huyu mnyama wako kabla sijamgeuza soseji!

— Si wangu, Lorna. Ni wa wanafunzi.

— Na kabichi alizokula ni za wanafunzi pia?

Milo akaruka uzio, akateleza, akatua kifudifudi katikati ya bustani. Nguruwe, Bernadette kwa jina, akamtazama kwa huruma, akaendelea kutafuna.

Lorna akajiuma ulimi asicheke. Alishajiapiza kutocheka mbele ya mwanamume huyu, na kiapo chenyewe kilikuwa na miaka kumi na mitatu.

— Alhamisi mtanitambua, wewe na makoti yenu ya buluu!

Mji mzima ulijua maana ya maneno hayo, maana Nebraska siri haivuki barabara mbili ikiwa bado siri. Halmashauri ya shule ilikuwa inapiga kura kukifunga chama cha wanafunzi wa kilimo na ufundi, na Milo, mwalimu wa mifugo na uchomeleaji, ndiye mlezi wa chama hicho cha makoti ya buluu. Wajumbe watatu walitaka kife, watatu kiishi. Wa saba alikuwa Lorna Vesely, mwenye saluni.

Shangazi Blanka alikuwa barazani, anakula ugomvi ule kwa macho.

— Unamchukia kweli, mwanangu, au unalilia lile gauni la njano?

— Shangazi!

Gauni la njano. Mwaka wao wa mwisho shuleni, Milo alimwahidi Lorna kumsindikiza kwenye sherehe ya chama. Lorna, ndani ya gauni hilo, akakaa pembeni ya kiti kitupu mpaka keki zikaisha. Kesho yake Milo alipofungua mdomo ajieleze, akamwagiwa jagi zima la juisi ya tufaha. Lorna akahamia Omaha. Miaka kumi na moja baadaye akarudi kumtunza shangazi yake, na jirani wa uzioni ni nani? Yuleyule!

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Lorna.

"Naomba dakika mbili tu. Milo."

"Iandikie halmashauri."

"Nimeshaiandikia. Hizi ni za kwako."

Lorna akaizima simu. Akaiwasha aone kama kaandika tena. Hakuandika. Akakasirika zaidi.

Alhamisi ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti, Bwana Carlisle Prentiss, aliyehamia miaka miwili iliyopita kutoka Chicago, alikuwa ameshika nyundo ya mbao.

— Masomo yatabaki, ndugu zangu. Kinachokufa ni chama tu. Makoti, mashindano, nguruwe... Vimemsaidia nani?

— Ngazi ya kanisa nani kachomelea? mwoka mikate akafoka.

— Mwanangu alikuwa hawezi kuitikia hata jina lake darasani! mama mmoja akadakia. Leo anaongoza mkutano kukushinda wewe!

Kelele zikapaa. Bwana Prentiss akaona utulivu hauji kwa ustaarabu, akagonga meza kwa nguvu. Ko! Ko! Ko!

Ukumbi mzima ukasimama.

Mwoka mikate, muuguzi, fundi wa matrekta, polisi wa mlangoni, wote wima kama mahindi. Shangazi Blanka alisimama na mkongojo wake. Hata wajumbe wawili waliokuwa upande wa mwenyekiti, waliotaka chama kife, walikuwa wima.

— Mbona mmesimama? Bwana Prentiss akauliza, uso umempauka.

— Umegonga tatu, bwana, polisi akajibu. Chamani ukigonga tatu, watu wanasimama.

Kwa kuchanganyikiwa akagonga moja. Wote wakaketi pwaa! Moja ni shauri limekwisha, kaa chini.

Ndipo Lorna akagundua kwamba na yeye amekaa, maana yake na yeye alisimama. Upande wa pili, Milo alikuwa anamtazama. Hakucheka.

Msichana mwenye koti la buluu akainua mkono. Teegan, katibu wa chama, na ndiye aliyekuwa hawezi kuitikia jina.

— Bwana Mwenyekiti, umeuliza tumemsaidia nani. Nimepekua madaftari ya vikao vya zamani, nikatafuta jina la Bi Lorna, maana kura yake ndiyo inayotuua.

Watu wakacheka. Teegan akasoma:

— "Sherehe ya mwaka. Lorna Vesely amepokea tuzo ya hotuba bora. Milo Pospisil hakuhudhuria. Nguruwe wa Lorna alishikwa na uchungu jioni, mtoto wa kwanza akakwama. Milo amebaki naye zizini. Watoto tisa, wote hai. Ameomba Lorna asiambiwe mpaka ashuke jukwaani na tuzo yake."

Lorna alijua siku zote kwamba nguruwe wake alizaa salama. Hakuwahi kuuliza nani alikuwa zizini.

— Tupige kura, mwenyekiti akasema kinyonge.

— Chama kibaki, Lorna akasema. Akachukua mkoba, akatoka bila kumtazama mtu.

Jua halijazama, Milo akawa mlangoni kwake, amekumbatia kabichi sita.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nilianza. Juisi ikaniingia puani.

— Miaka kumi na mitatu, Milo!

— Mpaka leo nikikuona nasikia harufu ya tufaha.

Mambo ya moyo yalimshinda Milo kuyasema tangu utoto, na mahali pekee alipojifunza kusema ni chamani. Akanyoosha mgongo, kabichi mikononi.

— Natoa hoja. Kwamba mimi na Lorna tuanzie pale tulipoachia, na tumalizie kanisani.

— Naunga mkono! ikatoka sauti jikoni.

— Shangazi, wewe si mwanachama!

— Nyamaza! Mimi ndiye msichana wa kwanza kulivaa lile koti mji huu!

Lorna akafuta macho kwa aproni.

— Nina marekebisho. Bernadette asialikwe harusini.

— Nayakubali, Milo akasema haraka.

— Wanaosema ndiyo?

— Ndiyo! wakasema watatu. Huko uzioni kitu kikaguna.

Lorna akainua mwiko, akagonga mwimo wa mlango. Mara moja.

— Imepita. Vua viatu uingie ule, nyama inapoa. Kabichi ni zile chache alizotubakizia mwenzako.