Kiti cha Nanyama

Ukifika Kenyatta Market, usihangaike kutafuta msusi. Msusi atakutafuta wewe. "Mrembo, kuja nikusuke! Rasta? Matuta?" Huyu atakuvuta mkono wa kulia, yule wa kushoto, na moshi wa nyama choma utakufuata hadi ndani.

Mwaka wa 2009, Wamucii alikuwa na saluni yake hapo. Soko zima lilimwita Mama Shiko. Alikuwa na mikono myepesi, roho safi na mdomo mkali.

Kwa Mama Shiko, kuajiriwa hakukuwa na karatasi. Ukikubaliwa, ulipewa kiti cha kukalisha wateja wako. Kiti kikitazama njia, una kazi. Ukimkosea, alikigeuza kikatazama ukuta, nawe ukajua umefutwa.

Asubuhi moja Peres, msusi mcheshi kuliko wote, alimwambia mteja kwamba kichwa chake kitamaliza rasta za soko lote. Mteja akanuna. Mama Shiko akakigeuza kiti cha Peres.

"Enda nyumbani!" alifoka.

Peres hakwenda nyumbani. Alikwenda kunywa chai na mandazi. Baada ya chakula cha mchana Mama Shiko alikigeuza kiti tena bila kusema neno, na Peres akarudi kazini. Ndivyo walivyozoeana.

Kiti kimoja tu hakikuguswa. Kilikaa pembeni, kimefunikwa leso ya manjano. Kilikuwa cha Nanyama.

Nanyama ni mzaliwa wa Mbale, Uganda. Alisuka kwa Mama Shiko kwa miaka mingi, kisha akaolewa na kuhamia Kampala. Wakati huo Mama Shiko na mumewe, Jamleck, walikuwa wameanza kutengeneza mafuta ya nywele nyumbani kwao Kangemi. Waliyatengeneza kwa parachichi na mbegu za mbarika. Nanyama aliondoka na chupa chache za mafuta hayo. Saluni za Kampala zikayapenda, zikataka mengine.

Basi Nanyama akawa anazunguka saluni hadi saluni. Aliwafundisha wasusi kuyatumia mafuta, na alichukua oda zao. Mama Shiko alimlipa kama walivyolipana sokoni, kulingana na wateja aliowapata. Pesa zilikwenda kwa basi.

"Mimi niko na mfanyakazi ng'ambo!" Mama Shiko alipenda kusema. Alisema sokoni. Alisema kwenye chama cha akina mama. Hata kanisani, alipoombwa kufunga ibada kwa sala, alimtaja mfanyakazi wake wa ng'ambo mbele za Mungu.

Kisha Ijumaa moja simu ililia.

"Mama Shiko, niko na habari mbili," alisema Nanyama. "Ya kwanza, niko na mimba."

Mama Shiko alipiga vigelegele hadi wateja wakageuka. "Mungu ni mwema! Na ya pili?"

"Kuna kampuni ya sabuni hapa Kampala. Wanataka kuniajiri. Watanipa mkataba. Nikijifungua, nitapumzika na bado nilipwe. Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

"Sabuni? Nanyama, kiti yako iko hapa! Hakuna mtu ameikalia. Mimi mwenyewe huipanguza vumbi kila siku."

"Najua, Mama. Lakini kiti iko Nairobi, na mtoto atazaliwa huku. Watu wakiniuliza mwajiri wangu ni nani, nitawaambia ni kiti?"

Mama Shiko aliaga, akaenda kukipanguza kile kiti vumbi tena.

Alirudi Kangemi akiwa mnyonge. Nanyama akienda kwenye sabuni, mafuta yao yangekufa Uganda. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba Nanyama alikuwa amesema kweli.

"Tumwongezee kidogo," alisema Jamleck.

"Hajaomba kuongezewa, Baba Shiko. Anataka kuwa mtu wa kazi, na ijulikane."

"Basi tufungue kampuni huko."

Jamleck akaenda kuulizia. Akarudi akitikisa kichwa. Wangehitaji kusajili kampuni Uganda, kutafuta ofisi, wakili na mhasibu. Yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja. "Ni kama kujenga boma kwa sababu ya kuku," alisema.

Jumapili alasiri, jirani yao Rumaisa alikuja kusukwa. Rumaisa ni binti wa Mombasa, na alikuwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji. Yeye hakusukwa sokoni, kwani hakupenda kufunua nywele zake mbele ya kila mpita njia. Mama Shiko alimsuka sebuleni, mapazia yakiwa yamefungwa. Jamleck alifukuziwa jikoni.

"Mama Shiko, waniumiza!" Rumaisa alilia. "Leo wavuta nywele kana kwamba zimekutukana."

"Pole, Rumaisa. Mawazo." Akamweleza yote.

Rumaisa alianza kucheka. "Na mimi nakaa nyumba ya pili! Kwani wajua ofisini kwetu twafanya kazi gani?"

"Si mnaandika barua?"

"Twaajiri watu kwa niaba ya wengine. Sikiliza. Kuna kampuni ya Uholanzi inayonunua maua hapa. Haina ofisi Kenya, lakini yataka mtu mmoja wa kukagua maua. Basi sisi twamwajiri mtu huyo. Kwa sheria ya Kenya, mwajiri wake ni sisi. Twamlipa mshahara, twamkatia kodi, twamwekea akiba ya uzeeni, twampa likizo. Wale Waholanzi wamwambia kazi ya kufanya, nao watulipa mshahara wake pamoja na ada yetu."

Mikono ya Mama Shiko ilisimama hewani. "Na Kampala?"

"Kampala tuna wenzetu wafanyao kazi hiyo hiyo. Nanyama aweza kuajiriwa na wao, chini ya sheria ya Uganda, akuuzie mafuta yako wewe."

Mama Shiko hakufurahi. Alikasirika. "Yaani nimfunze mimi, halafu awe mtu wao? Mtoto ni wangu, jina lao?"

"Kazi ni yako, Mama Shiko. Wewe ndiye utakayemchagua, na ndiye utakayemwambia aende saluni gani. Lakini mambo ya sheria wayabeba wao, kwa sababu wako huko na wanaijua. Wewe waijua sheria ya Uganda?"

"Hata ya hapa siijui vizuri."

"Basi. Mtu hulindwa na sheria ya mahali anapofanyia kazi. Vile unavyomlipa sasa, hana likizo, hana akiba, na serikali ya huko yaweza kuuliza kodi yake iko wapi. Utajibu nini?"

Sauti ya Jamleck ilitoka jikoni. "Atawaonyesha kiti!"

"Nyamaza, Baba Shiko!" Lakini naye alicheka.

"Kuna jambo moja litakalokusumbua," Rumaisa aliendelea. "Huko huwezi kumfuta mtu asubuhi na kumrudisha mchana. Akikosea, wamweleza kosa lake. Naye apewa nafasi ya kujitetea. Kama ni kuachana, apewa notisi."

"Na nikikasirika?"

"Ukikasirika, kunywa maji."

Kisha Rumaisa akamwonya kama ndugu. Asiikubali kampuni yao kwa sababu tu ni jirani. Aulize na kwingine, alinganishe ada. Ahakikishe kampuni imesajiliwa katika nchi ya mfanyakazi. Kila mwezi aombe uthibitisho kwamba kodi na akiba zimelipwa kweli. Na makubaliano yote yaandikwe, hata yale madogo.

Mama Shiko alifanya hivyo hivyo. Alivaa nguo zake za kanisani, akazunguka ofisi za mjini na Jamleck, akiuliza maswali kwa sauti ya sokoni. Ofisi moja ilimwambia ataona karatasi baadaye, alipe kwanza. Alitoka bila kuaga. Mwishowe aliona kwamba ya akina Rumaisa ndiyo iliyojibu kila swali bila kupepesa macho. Ada ilimfanya akune kichwa. Lakini ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kufungua kampuni, na mauzo ya Kampala yangeibeba.

Nanyama alisaini mkataba wake Kampala kabla ya mwezi kwisha. Alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Mama Shiko, wameandika jina langu lote! Nimemsomea mume wangu mara mbili. Wale wa sabuni nimewaambia asante, niko na kazi."

Mama Shiko alijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia mikono. Kisha alikwenda pembeni, akaiondoa ile leso ya manjano na kuikunja vizuri. Kiti akampa Kanyiva, msusi mpya kutoka Machakos. Alifanya hivyo kwa hofu kidogo, maana hakujua Nanyama angelichukuliaje jambo hilo.

Mwaka uliofuata Nanyama alikuja Nairobi kumwonyesha Mama Shiko mtoto. Aliingia sokoni na mtoto mchanga mgongoni, akapita katikati ya wanaovuta watu mikono. Hakuna aliyethubutu kumvuta. Alikuwa amenawiri.

Alisimama mlangoni mwa saluni. "Nani ako na kiti yangu?"

Kanyiva alirudi nyuma, chanuo mkononi. Mama Shiko akaanza kujieleza, lakini Nanyama alimkabidhi mtoto, akaenda kwenye kile kiti na kuketi, kama mteja. Akafungua kitambaa kichwani.

"Nisuke matuta," alimwambia Kanyiva. "Pole pole tu. Sina haraka. Niko likizo."

"Likizo ya nini?" aliuliza Peres.

"Ya uzazi. Na mshahara unaingia."

Neno hilo lilitoka kiti hadi kiti. Soko la wasusi lilikuwa limesikia maneno mengi, lakini msusi kusema "niko likizo," hilo lilikuwa jipya. Vigelegele vilianza kwa Kanyiva vikafika hadi kwa wachoma nyama. Mama Shiko alimwinua mtoto juu. "Mnaona? Huyu mamake ni mfanyakazi wangu! Ng'ambo!" Kifua chake kilijaa fahari, na machozi yakamtoka waziwazi.

Vigelegele vilipokwisha, Peres alisema polepole, bila mzaha, "Mama Shiko, wa Kampala ako likizo. Na sisi wa hapa karibu, je?"

Mama Shiko alimtazama Peres. Akamtazama Kanyiva. Akakumbuka maneno ambayo Rumaisa alimwambia siku moja alipokuwa akimsuka: "Hapa Kenya huhitaji mtu wa kukuajiria. Mwajiri ni wewe."

"Swali zuri," alisema. "Jumapili nitakaa na Rumaisa."

Na alikaa naye kweli. Mikataba iliandikwa kwa Kiswahili rahisi. Kila msusi alisomewa wake, akauliza, akasaini. Wakaandikishwa akiba ya uzeeni ya NSSF na bima ya afya ya NHIF, na zamu za likizo zikapangwa. Jamleck, ambaye alizoea kucheka kila kitu, siku hiyo aliwapikia chai.

Wiki hiyo hiyo, Peres alimwambia mteja kwamba mba wake unaweza kupikiwa uji. Mteja alisimama kwa hasira. Mama Shiko akaja mbio, akakishika kile kiti kwa mikono miwili.

Akakiachilia. Akachota kikombe cha maji, akanywa yote.

"Peres," alisema, "mwombe mama msamaha. Kisha kuja nje tuongee."

Kiti kikabaki kinatazama njia.