Mikono Iliyong'aa Kwenye Jumba la Samaki

Kila asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kesi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, anamkamata mdogo wangu wa darasa la sita ampake mafuta, na mdogo wangu anakata rufaa. Ndiyo maana tunamwita Wakili. Yule mtoto anaweza kubishana hata na kengele ya shule.

Jana hakubisha. Darasa lao lilikuwa linakwenda kwenye lile jumba kubwa la samaki, na wenzake walikuwa wamemchagua yeye amlishe kasa. Basi alisimama wima, mama akampaka mpaka viwikoni, akaongeza tena, halafu akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

"Mwanangu haendi mbele za watu amepauka," mama akasema.

"Akiteleza tutamshikia wapi?" nikauliza.

"Na wewe njoo nikupake, msomi wangu. Chuo hakizuii kupauka."

Chuo chetu kimefungwa, kwa hiyo mwalimu wao alikuwa ameniomba nimsaidie kuwaangalia watoto. Jamani, nisikilizeni nyie, maana habari hii ninayo tangu jana na nyumba nzima imeshanikimbia.

Ndani ya lile jumba kuna njia ya kioo, samaki wanaogelea hadi juu ya kichwa chako. Papa mmoja akapita taratibu akituonyesha tumbo lake jeupe.

"Anafanana na mwalimu wa hesabu," mvulana mmoja akanong'ona.

Mwalimu wa hesabu alikuwa nyuma yake. "Nimesikia," akasema, "na meno ninayo."

Tukafika kwenye bwawa la kugusa, la kina kifupi tu, na mtunza samaki akatupokea. Ni mama mmoja mwembamba, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini. Akatuonyesha kiti cha pweza, yule mnyama mwenye mikono mitano kama nyota.

"Mtamgusa kwa kidole kimoja, polepole," akasema. "Ila kwanza bombani. Ukiwa na mafuta, jifute kwa kitambaa kikavu, kisha sugua kwa maji matupu mpaka kiwiko. Huyu anapumulia ngozi yake. Mafuta kwake ni kama mtu akuzibe pua."

Foleni ya bomba ilikuwa ndefu, na Wakili alitaka kuwa wa kwanza kugusa. Akapenya, akachovya ncha za vidole, akatoka. Kitambaa hakukishika. Mimi nilimwona, nikajisemea, ah, mafuta ya mtoto mmoja yatafanya nini? Hapo nilikosea, nakubali.

"Umesugua, mwanangu?" mtunza samaki akamwuliza.

"Nimesugua, shangazi."

Akazamisha mkono mpaka kiwiko, akamgusa yule nyota, akatoka anacheka. Aliyefuata ni rafiki yake tunayemwita Redio, kwa kuwa haongei hata ukimbembeleza. Redio alikuwa amejisugua mpaka ngozi imeparara. Lakini alipoingiza kidole tu, tukaona utando juu ya maji, mwembamba, wenye rangi ya zambarau na kijani, unatanuka.

"Mikono nje, wote," mtunza samaki akasema. "Nani ameingia na mafuta?"

Watoto wakaanza kukaguana mikono.

"Si Redio huyo," akasema yule mvulana wa papa. "Mkono unang'aa."

Ulikuwa unang'aa kwa maji tu. Redio akafungua mdomo, machozi yakamtangulia.

"Aliyefanya hivi atabaki hapa," mwalimu akasema. "Kwa kasa haendi."

Nikamtazama mdogo wangu. Kwa wiki mbili kasa alikuwa ndiye wimbo wake, na sasa alichohitaji ni kunyamaza tu. Nikainua mguu niende nikaseme mwenyewe. Akaniwahi. Akapita kati ya wenzake, akasimama mbele ya Redio.

"Ni mimi. Sikusugua, nilichovya vidole tu. Halafu nikamdanganya shangazi. Redio amesugua, nilimwona."

Huyu ni mtoto ambaye hajawahi kukubali hata kosa la kuvunja kikombe. Amekubali mbele ya darasa zima, tena bila "lakini" hata moja.

Mtunza samaki hakumgombeza. Alimpa kitambaa, akamsimamia bombani mpaka mikono ikatakata, kisha akamkabidhi bunda la karatasi za kunyonya mafuta. Yeye akawa anawahamisha wanyama mmoja mmoja kwenye tangi safi.

Mwalimu akawaita wengine waende kwa kasa. Wakili akamshika Redio begani. "Mlishe wewe. Jani la kumlishia lishike kwa mwisho kabisa, asije akakung'ata."

Basi tukabaki. Wakili anatandaza karatasi juu ya maji, ananyanyua, anatandaza nyingine. Kutoka chumba cha pili tukasikia wenzake wakishangilia. Wakili akachukua karatasi nyingine.

Utando ulipokwisha, mtunza samaki akachungulia lile tangi safi. Yule nyota akasogeza mkono mmoja, kisha wa pili.

"Wazima wote," akasema. Akachuchumaa mbele ya Wakili. "Sasa nikwambie. Mafuta tumeyatoa kwa karatasi, kazi ya nusu saa. Lakini ungenyamaza, ningefungua pampu, ningefungua chujio, natafuta kosa lisilokuwepo, na mwenzako angerudi kwao analia kwa jambo asilolijua. Kosa ukilisema mapema linarekebishika. Ukilificha, linawatesa wasiohusika."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Haya, kuna shule nyingine inaingia. Simama pale bombani, unikagulie mikono."

Jamani, mngemwona. Kakunja mikono yake yule mtoto, watoto wa shule ile wamempita kimo, na hakuna aliyepita bila kukaguliwa. Jitu moja la darasa la saba likasema, "Nimesugua bwana, niache." Wakili akaligeuza kiganja juu.

"Mimi nilisema hivyohivyo," akamjibu. "Rudi."

Likarudi.

Mtunza samaki akanigeukia. "Dada, huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu," nikasema. "Tumbo moja." Nikarudia kwa sauti zaidi, kwa faida ya waliosimama nyuma.