Okidi Nane za Dorothy

Jumamosi moja mwaka wa 1979, siku zile miwa ilipokuwa imeleta neema na soko la Kakamega likajaa redio mpya na mashati ya kola pana, Protus Wanjala aligongana na msichana mwenye gauni la manjano. Msichana huyo alikumbatia tawi bovu kama anayebeba mtoto.

"Kuni hizo ni za kupika nini, dada?"

"Si kuni. Ni okidi. Ukiangusha, utanijua."

Protus alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari. Dorothy Kageha alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wilaya. Miti ilipoangushwa kando ya msitu, alikwenda kuokota maua yaliyoota juu ya matawi, akayatunza barazani kwake mtaani Amalemba. Protus akawa mgeni wake wa kila Jumapili, kavaa suruali pana, nywele kazichana zikasimama. Alimtania kuwa anapenda maua kuliko watu. Dorothy akamjibu kuwa maua hayachelewi. Kufikia Desemba walikuwa wakipanga kwenda kwa wazazi.

Januari Dorothy alipelekwa Nairobi kwa mafunzo ya miezi sita. Alimwachia Protus okidi zake nane, lakini kwa haraka ya safari hakumwambia kwamba kiangazi kikikolea hupukutisha majani na kupumzika, na wakati huo hazitaki maji mengi.

Majani yalipogeuka manjano, Protus alimwagilia asubuhi na jioni. Yalipoanguka, akazidisha. Kufikia Machi mizizi ilikuwa imeoza, inanuka. Saba zikafa.

Kila Ijumaa Dorothy alipiga simu kiwandani. Zile saba zilipokufa, Protus alimwambia maua hayajambo. Juma lililofuata akashindwa kuurudia uongo ule, akamwomba karani aseme yuko zamu. Alinuia kumweleza akipata maneno. Hakuyapata. Ijumaa zikapita, na simu ikaacha kulia.

Okidi iliyobaki aliitundika mahali pakavu, akaiacha kwa kukata tamaa. Mvua za Aprili ziliponyesha, chipukizi la kijani likachomoza ubavuni mwa shina kuukuu. Protus akaandika barua ya kurasa nne, akaungama yote. Haikujibiwa.

Julai Dorothy alikuja mwenyewe, kavaa koti la kijivu, na pete kidoleni. Aligusa jani jipya.

"Zinalalanga tu, Protus. Hazikuwa zinakufa."

"Sikujua."

"Ungeniuliza. Kila Ijumaa nilikuwa kwa simu." Akaketi. "Nilifikiri umepata mwingine. Nililia mpaka dada yangu Teresa akanichoka. Barua yako ilinikuta nimeshamkubali Andati, mwalimu wa kule chuoni."

Protus aliuliza kwa sauti ya chini kama anampenda huyo Andati.

"Ananiambianga ukweli," Dorothy alisema, "hata ule mbaya. Wewe nilikupenda zaidi. Lakini nimeshatoa neno langu."

Protus alimwomba achukue ua lake. Dorothy alikataa, ila alimwonyesha namna ya kulinyunyizia maji sasa linapokua, na dalili za kumwambia apunguze.

Kisha Protus akamsindikiza hadi stendi. Njiani, bila kuulizwa, alimsimulia jinsi zile saba zilivyokufa, moja baada ya nyingine, na jinsi alivyozizika nyuma ya nyumba kwa aibu. Dorothy alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa mkono, akaushikilia kidogo, akapanda basi.